Jinsi ya Kuliwasha Moto Jina la Bwana Harusi

Ukionekana mara mbili umebeba kompyuta mpakato, ukoo mzima utaamini wewe ni mtu wa grafiki. Hakuna atakayekuuliza ulisomea nini. Shangazi atapiga simu jioni, ataulizia watoto, mama mkwe na mvua, kisha atashusha sauti: “Mwanangu, kuna kikadi cha sendofu ya mdogo wako. Ni majina tu ya kuandika, lakini uyapambepambe kidogo.” Kuyaandika majina ni kazi ya nusu dakika. Kuyapamba kutakula usiku wako wote, na mwongozo huu umeandikwa ili angalau usiku huo uliwe kwa utaratibu.

Kwanza kabisa, usithubutu kumpelekea shangazi herufi za kawaida. Unaweza ukachagua fonti nzuri, ukapima nafasi kati ya herufi na herufi, ukalisogeza jina mpaka likatulia mahali pake kwenye karatasi, na kazi hiyo ikakuchukua saa tatu. Shangazi ataitazama, ataigeuza simu upande, atauliza, “Kwani hujaanza?” Tusimlaumu. Analipia jasho, na jasho lako halionekani. Sasa chukua jina hilohilo, bonyeza kitufe kimoja, herufi zivimbe, zing'ae na kuangusha kivuli. Umetumia sekunde tatu, naye anaita majirani. Hiyo ndiyo biashara nzima ya filta za kupambia maandishi, kuanzia kadi ya kichenpati hadi bango la mkutano wa injili na jalada la filamu ya Bongo: zinatengeneza ushahidi kwamba kuna mtu amefanya kazi.

Silaha utakazokabidhiwa

Photoshop ilianza mwaka 1987 mikononi mwa Thomas Knoll, mwanafunzi wa uzamivu wa Chuo Kikuu cha Michigan, akisaidiana na mdogo wake John, aliyekuwa akifanya kazi Industrial Light & Magic, kampuni ya maajabu ya sinema. Adobe wakaitoa rasmi Februari 1990. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza programu hii ina wazazi wawili: mmoja mtu wa hesabu, mwingine mtu wa sinema na milipuko yake. Kadi za harusi zimerithi upande wa milipuko.

Zamani mapambo yalikuwa na gharama. Ukitaka kivuli chini ya neno, ulitengeneza nakala ya neno, ukaitia weusi, ukaipaka ukungu, ukaisogeza kidogo pembeni, ukaomba Mungu. Leya, yaani matabaka ya picha, zilikuja na toleo la 3.0 mwaka 1994, kukawa na nafuu. Halafu mwaka 1998 likaja toleo la 5.0, lenye vivuli, ming'ao na kingo za kuvimba zilizokwisha kupikwa, za kuweka alama ya vema tu. Mimi naamini huo ndio mwaka kadi zilipoharibika. Fundi aliyesota nusu saa kutengeneza kivuli kimoja hawezi kuweka vitano, mkono utamuuma. Aliyepewa kivuli bure anaweka mpaka kwenye nukta.

Kama huna hela ya Photoshop, na hutaki kuongeza dhambi ya programu ya wizi juu ya dhambi ya mapambo, kuna GIMP. Wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, waliitoa kwa umma mwaka 1996, na mpaka leo ni bure. GIMP za zamani zilikuja na mapishi kamili ya maandishi: jina likawa la neoni, la chaki, la barafu, la chuma baridi, la mng'ao wa viumbe wa sayari nyingine. Na kuna pishi moja, sitanii, la kuzipa herufi madoa ya ng'ombe. Ukipata kazi ya kadi ya mahari, usilipite. Ni pambo pekee ninalolijua linalosema ukweli kuhusu shughuli yenyewe, ingawa uwe tayari kwa mjomba atakayeyahesabu madoa na kuuliza mengine yako wapi.

Tahajia kabla ya miujiza

Hapa ndipo wengi wanapozikwa, kwa hiyo soma taratibu.

Neno ulilolichapa kwenye programu ni neno kweli: ukiona kosa unarudi, unafuta, unaandika upya. Filta nyingi, hata hivyo, hazijui kusoma. Zinajua pikseli, yaani vijinukta vya rangi, na ili filta ilipulize jina lako ni lazima jina liache kuwa maandishi na liwe picha. Programu itakuuliza kwa adabu kama unakubali. Utakubali bila kusoma swali, kama kila mtu. Tangu dakika hiyo mbele yako una michoro inayofanana na herufi, na kuisahihisha ni sawa na kusahihisha picha ya ukutani kwa kifutio.

Sasa fikiria kwamba umemaliza kila kitu. Umepuliza, umepaka ukungu, umetia rangi, umeweka mng'ao. Saa saba usiku unaituma kadi. Asubuhi shangazi anajibu kwa emoji za mikono ya shukrani, halafu baada ya dakika kumi: “Ila mwanangu, Khadija wetu anaandikwa kwa K.” Wewe uliandika Hadija. Unarudi nyuma kwenye orodha ya hatua ulizopitia, na unagundua kwamba Photoshop, kwa miaka mingi, ilikuja ikiwa imepangwa kukumbuka hatua 20 tu. Upepo peke yake ulikula sita. Ile hatua ya kuandika jina ilishasahauliwa kabla moto haujawaka.

Kinga ipo, na ni aibu kwamba watu wengi hawaitumii. Tangu mwaka 2007, toleo la CS3 linaruhusu kuyafunga maandishi ndani ya kifurushi, ukakimwagia filta kifurushi hicho, na maandishi yakabaki salama ndani. Ukitaka kuongeza K, unafungua kifurushi, unaongeza, unafunga, na filta zinajipanga upya. Kinga kongwe zaidi ni kuhifadhi nakala kabla ya kugusa chochote. Na kinga kongwe kuliko zote ni kuomba majina kwa maandishi kutoka kwa mama wa binti mwenyewe. Mashangazi wanajua kila kitu cha ukoo isipokuwa tahajia.

Moto

Tufike sasa kwenye pambo ambalo kila asiyejua hatari hulianza nalo. Nitalieleza lote, kwa sababu nikilificha utaliiba mahali pabaya zaidi.

Fungua ukurasa mweusi. Andika jina kwa rangi nyeupe, karibu na chini, moto uwe na nafasi ya kupanda. Tafuta filta ya upepo. Utagundua kwamba upepo wa Photoshop unavuma pande mbili tu, kutoka kushoto na kutoka kulia; kaskazi na kusi hauna habari nazo. Moto nao unataka kwenda juu. Suluhisho la mafundi ni kuilaza picha nzima ubavu, nyuzi 90, kuipuliza, kuipuliza tena, kuipuliza mara ya tatu kwa kuwa mbili hazijatosha, halafu kuisimamisha. Ukikosea upande wa kuilaza, ndimi zitamwagika kwenda chini na jina la bwana harusi litaonekana linayeyuka, jambo ambalo kamati italitafsiri kwa namna yake.

Ipake picha ukungu kidogo, ule uliopewa jina la Carl Friedrich Gauss, mwanahisabati Mjerumani aliyefariki mwaka 1855 bila kudokezwa kwamba hesabu zake zingekuja kulainisha ndimi za moto kwenye kadi za sendofu. Ongeza filta ya viwimbi ili ndimi zipinde. Mpaka hapo una kitu cha kijivu kinachofanana na nywele zilizopigwa na feni, na utataka kukata tamaa. Usikate. Igeuze picha iwe ya kijivu rasmi, kisha iwe ya rangi za jedwali, fungua jedwali la rangi na uchague lile la gimba jeusi.

Kinachotokea ni kizuri, na hapa naweka kejeli kando. Jedwali hilo linafuata rangi za kitu kinachopashwa moto: kwanza nyeusi, kisha nyekundu, kisha machungwa, kisha njano, mwisho nyeupe. Ni mfuatano uleule anaousoma mhunzi kwenye chuma chake ili ajue lini apige nyundo. Pikseli iliyokuwa nyeupe inabaki nyeupe ya moyo wa moto, ya kijivu inakuwa machungwa, iliyofifia inakuwa nyekundu inayokaribia kuzimika, na ile picha ya nywele inawaka kwa mkupuo mmoja. Mara ya kwanza utapiga ukelele. Kuna fizikia ya kweli humo ndani, na kama filta zote zingekuwa na akili ya namna hii nisingekuwa na cha kuandika.

Balaa ni kwamba umefanikiwa, na mtu aliyefanikiwa na moto huuona unafaa kila mahali. Kwa hiyo naweka mipaka. Bango la mkutano wa injili linaruhusiwa kuwaka; wenyewe watakuomba uongeze. Nyama choma inaruhusiwa. Timu ya mtaa inaruhusiwa ikiwa imeshinda walau mara moja. Kituo cha mafuta hakiruhusiwi, na naomba nisieleze. Duka la mitungi ya gesi, vivyo hivyo. Na jina la marehemu kwenye kitabu cha ibada ya mazishi halipaswi kukaribia moto hata kama mteja amekuja na mfano, hata kama amelipa, kwa maana wazee wa kanisa wanakaa viti vya mbele na wanaelewa picha haraka kuliko maneno. Ama bwana harusi, mwache aamue mwenyewe akijua kwamba kadi itabaki kabatini mwa mama mkwe.

Mna majua mangapi?

Kivuli kina sharti moja dogo linalosahauliwa: kitu chenye kivuli kina mwanga upande wa pili. Kwa miaka mingi Photoshop imekuja na mwanga umepangwa kwenye nyuzi 120, yaani unatoka juu kushoto, na kivuli kinaangukia chini kulia. Hiyo peke yake haina madhara. Madhara huja pale jina la bibi harusi linapokopwa kutoka kadi ya mwaka jana, jina la bwana harusi likatengenezwa leo, maua yakapakuliwa mtandaoni na picha yao wawili ikapigwa bustanini saa kumi jioni. Kila kimoja kinakuja na jua lake. Nimeona kadi ambazo ukizitazama kwa makini hujui jua la kweli ni lipi.

Ukitaka kuwa mkweli kwa nchi yako, kumbuka kwamba Dar es Salaam jua hupita utosini kabisa mara mbili kwa mwaka, na adhuhuri ya siku hizo kivuli cha nguzo hujificha chini ya nguzo. Siku hizo mbili ndizo ninazopendekeza kwa kutengeneza kadi.

Nitapita haraka kwenye mwale wa lenzi, ile nyota yenye msururu wa viduara inayowekwa kwenye kona ya herufi ya mwisho. Filta inakuuliza unataka mwale wa lenzi ipi, ya milimita 35 au 105 au ile ya kuvuta, kana kwamba kuna kamera mahali. Watengenezaji wa lenzi za kweli hupaka vioo vyao tabaka maalumu ili mwale huo usitokee. Wewe unautafuta kwa kubonyeza. Weka mmoja, usiweke wa pili, endelea.

Dhahabu na kromu

Hakuna rangi ya dhahabu kwenye kompyuta. Kuna njano, kahawia na nyeupe zilizopangwa kwa zamu ili jicho lidanganyike kwamba kitu kinaakisi mwanga. Kromu ni ujanja uleule wenye mandhari: buluu ya anga juu, mstari mweusi wa upeo katikati, kahawia ya ardhi chini. Chuma kilichosuguliwa hakina sura yake, kinaonyesha kilichokizunguka, na aliyeitunga mipango hiyo ya rangi alikizungushia jangwa chini ya anga lisilo na wingu. Ndiyo maana jina la binti wa Tanga, mnazi na bahari dirishani, linang'aa kwa mchanga wa nchi asiyowahi kufika.

Kwenye kioo cha simu vyote viwili vinapendeza, kwa kuwa kioo kinatoa mwanga. Karatasi haitoi mwanga. Mashine ya kuchapa ina wino nne, samawati, majenta, njano na nyeusi, na kwa hizo nne itajaribu kuipata dhahabu yako, na itakupa rangi ya binzari. Neoni ya kijani itafifia, buluu kali itageuka zambarau iliyochoka. Mteja ataishika kadi mkononi, ataishika simu mkono wa pili, atakutazama. Dhahabu ya kweli kwenye karatasi inataka wino wa metali au foili inayobandikwa kwa joto, na vyote vina bei yake. Mwambie mapema, mbele ya mweka hazina.

Na kama kazi inakwenda kwenye bango la mita tatu, usimpelekee mchapaji picha uliyoitoa kwenye WhatsApp. Ilipofika huko ilibanwa, na mibano ya aina hiyo hukata picha katika vijisanduku vya pikseli nane kwa nane. Kwenye anga au ukuta havionekani. Kwenye mng'ao laini uliouzungushia jina, ule uliokugharimu usingizi, vinajitokeza vyote, na bibi harusi anaonekana amezungukwa na vigae. Tuma faili kamili kama hati, au beba flashi uende nayo mwenyewe.

Kamati

Kadi ikishafika kwenye kundi la kamati, kazi yako ya sanaa imekwisha, inaanza ya subira. Mwenyekiti atasema ni nzuri. Mjumbe wa vinywaji ataomba majina yakolee. Mjumbe wa mapambo ataomba yafifie, yafanane na vitambaa vya ukumbini. Mtu ambaye hajachanga chochote atatuma kadi ya harusi nyingine akiandika, “Kama hii.” Usibishane, na usiulize “kama hii” katika lipi. Tuma matoleo mawili: moja lenye kila kitu, moto na kromu na nyota, na la pili tulivu. Watachagua la kwanza. Lakini ukituma lile tulivu peke yake wataagiza moto, na hapo utaanza upya usiku. Ukituma yote mawili, moto tayari upo.

Kuna atakayekuambia kwamba Waswahili tunapenda makuu ya namna hii tangu zamani. Mwonyeshe kanga. Pindo limejaa, mji umejaa, hakuna sehemu ya kitambaa iliyopumzika, ila jina limekaa kwenye mstari wake kwa herufi kubwa za kawaida, bila kivuli, bila mng'ao, bila kingo zilizovimba. Kanga za Mombasa zenye chapa ya K.H.E., Mali ya Abdulla, zimeuzwa hivyo vizazi kwa vizazi. Kuna ndoa zimetikisika kwa jina la kanga lililopita uani mara moja tu, asubuhi, likasomeka. Jirani hakuhitaji moto. Alihitaji kuliona.

Kamati nayo inalijua hilo vizuri kuliko inavyokiri. Chukua kadi yoyote ya mchango uliyoletewa mwaka huu uisome kuanzia juu. Majina ya maharusi yanameremeta mpaka hujui kama ni Rehema au Rahma. Tarehe imeviringishwa kwenye utepe. Ukumbi umewekewa mwale wa lenzi. Halafu shuka mpaka chini kabisa, ilipo namba ya simu ya kutumia mchango na jina la atakayeupokea. Hapo utakuta tarakimu nyeusi juu ya nyeupe, wima, kubwa, zenye nafasi katikati, wala hakuna filta iliyozigusa. Mpigie mweka hazina umwombe ruhusa ya kuziwasha moto, usikie atakavyokujibu.